Kujifunza na kufundisha rangi kwa makopo matano na vipande vya kitenge

Wachoraji wanaoanza, wasusi wa mikoba ya ukili, washona shanga na wapika batiki, wote huja na swali moja: rangi gani inaendana na rangi gani? Silijibu mpaka mtu awe amechanganya rangi kwa mikono yake mwenyewe, na nina sababu. Rangi haina sura moja ya kudumu. Nyekundu ileile ukiiweka kando ya nyeusi inawaka, ukiiweka kando ya chungwa inazama, ukiizungushia kijani inakuumiza macho. Orodha ya "hii na ile" itakufaa kwa mkoba mmoja, na mkoba wa pili itakuangusha. Linalosaidia ni jicho lililozoezwa, na jicho huzoezwa kwa utaratibu. Utaratibu ninaoutumia ni huu hapa. Unamfaa anayejifunza peke yake nyumbani, na unamfaa pia anayefundisha kikundi.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Unahitaji rangi tano tu: njano inayoelekea limau, pinki kali inayoitwa majenta, bluu inayoelekea kijani ambayo wachapaji huiita sianu, nyeupe na nyeusi. Akriliki ni nzuri kwa sababu hukauka upesi, lakini rangi za maji za mashuleni zinatosha kabisa kwa mazoezi haya. Kwenye tyubu za akriliki zenye ubora huwa kuna alama ndogo nyuma. PY3 ni njano ya limau, PR122 ni majenta, PB15 ni ile bluu ya sianu. Alama hizo zinataja unga wenyewe uliomo ndani, na ni zilezile kwa kila kiwanda, wakati majina ya mapambo yaliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa kila kiwanda hujitungia yake. Ukikuta tyubu moja ina alama tatu au nne, ujue imeshachanganywa kiwandani. Kwa kujifunzia iache, kwa sababu ukiichanganya tena hutajua kipi kimesababisha nini.

Ongeza brashi mbili, moja nyembamba na moja bapa, karatasi nene ya manila, mikebe miwili ya maji, na kitambaa kikuukuu. Pa kuchanganyia tafuta kigae cheupe kilichobaki kwa fundi ujenzi. Weupe wake ni muhimu, kwani sahani ya rangi itakudanganya kila unapochanganya. Kisha nenda kwa fundi cherehani uombe mfuko wa vipande vya kitenge na vitambaa vya rangi moja. Mafundi wengi huvitupa. Kwako wewe huo mfuko ni darasa zima.

Kaa karibu na dirisha au barazani penye kivuli. Usifanye kazi ya rangi chini ya taa ya usiku ukategemea matokeo ya asubuhi. Taa nyingi zina upungufu wa sehemu fulani ya mwanga, hivyo nyuzi mbili zinazofanana kabisa chini ya taa ya duka zinaweza kuachana ukizitoa juani. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hutoka na kitambaa mpaka mlangoni kabla hajalipia uzi.

Hatua ya 2: Tazama pakiti ya biskuti

Kabla hujafungua rangi, chukua pakiti ya biskuti au boksi la dawa ya meno, ulifunue taratibu pale lilipogundishwa. Mara nyingi utakuta vimiraba au viduara vidogo vya rangi vimepangwa mstari: sianu, majenta, njano, nyeusi. Hivyo ndivyo wachapaji wanavyokagua wino wao. Picha yote ya boksi, kuanzia meno meupe hadi ufizi na jani la mnanaa, imetengenezwa kwa wino hizo nne zilizowekwa kwa vitone vidogo sana. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaviona.

Naanza na pakiti kwa sababu wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba rangi za msingi ni nyekundu, njano na bluu, na tukichanganya nyekundu na bluu tutapata zambarau. Tulichanganya, tukapata tope la kahawia. Mwalimu hakukosea sana, ila aina ya nyekundu ndiyo iliyotuangusha. Kila rangi ya kopo humeza sehemu ya mwanga na kuturudishia iliyobaki. Nyekundu ya kawaida humeza mwanga wa kijani na wa bluu. Bluu ya kawaida humeza mwekundu na sehemu ya kijani. Ukizichanganya, karibu mwanga wote umemezwa, na kilichobaki ni kiza. Majenta haimezi bluu, kwa hiyo ikikutana na sianu huacha njia ya zambarau safi kupita.

Kwenye skrini ya simu mambo hugeuka, kwa sababu pale mwanga unaongezwa badala ya kumezwa. Skrini hutumia nyekundu, kijani na bluu, na nyekundu na kijani zikiwaka pamoja hutoa njano. Usichanganye mifumo hii miwili. Mchoro uliopendeza kwenye simu ukatoka umefifia kwenye kitambaa huwa umeangukia katika tofauti hiyo, maana kuna rangi za mwanga ambazo hakuna wino unaozifikia.

Hatua ya 3: Chora duara lako

Isaac Newton alichapisha duara la rangi mwaka 1704, baada ya kuupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu na kugundua kwamba ncha nyekundu na ncha ya zambarau zinaweza kukunjwa zikakutana. Tangu hapo yamechorwa maduara mengi. Lako wewe lichore mwenyewe, kwa rangi zako. Duara lililonunuliwa halikufundishi kitu kwa sababu mkono wako haukushiriki.

Chora duara la upana wa kiganja kilichokunjuliwa, uligawe mahali 12 kama uso wa saa. Saa kumi na mbili weka njano, saa nne weka majenta, saa nane weka sianu. (Nahesabu kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si kwa saa za kutaja mchana.) Sasa jaza katikati. Kati ya njano na majenta utapita chungwa, kisha nyekundu, kisha nyekundu ya waridi. Kati ya majenta na sianu utapata zambarau, urujuani na bluu nzito. Kati ya sianu na njano utapata kijani za kila namna, ya bahari, ya migomba na ya embe bichi.

Hapa kuna ufundi mdogo ambao ukiukosa utamaliza kopo zima la njano. Daima anza na rangi nyepesi, uongeze nzito kwa ncha ya brashi. Sianu ina nguvu kubwa. Chukua njano ya ujazo wa kijiko cha chai, gusa sianu kiasi cha punje ya mchele, changanya, tazama. Kijani tayari imeshatokea. Ukifanya kinyume, yaani kuongeza njano ndani ya sianu, utaongeza na kuongeza na bado itabaki bluu.

Kila rangi unayoipata, kabla ya kuipaka kwenye duara, ipake kidogo pembeni uisubiri ikauke. Akriliki ikikauka huzidi kukoza. Rangi nyingi za maji zenye unga mwingi hufanya vituko viwili kwa pamoja, kwani nyepesi huongezeka uzito kidogo na nzito hupauka. Msusi wa ukili anajua jambo hili tayari, maana kindu zilizotoka kwenye sufuria ya rangi hazifanani na zilizokaushwa kivulini.

Duara likikamilika, piga mstari kutoka kila rangi kwenda upande wa pili. Njano itakutana na bluu ya urujuani, majenta itakutana na kijani, sianu itakutana na nyekundu. Hizi ndizo rangi pinzani, na hatua inayofuata ni kuzipiganisha.

Hatua ya 4: Poza rangi bila kutumia nyeusi

Mwanafunzi akitaka kupunguza ukali wa rangi hukimbilia nyeusi. Jaribu uone. Njano ukiitia nyeusi inageuka kijani ya mzeituni. Nyekundu ukiitia nyeupe ili kuipunguza, inaelekea pinki ya baridi ambayo hukuitaka. Njia nzuri ya kupoza rangi ni kuitia mpinzani wake kidogo kidogo. Chukua nyekundu, uiongeze sianu kwa ncha ya brashi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara paka mraba mmoja kwenye karatasi. Utaiona ikishuka kutoka nyekundu ya pilipili hadi damu ya mzee, hadi udongo, hadi kahawia, hadi kijivu ambacho huwezi kusema ni cha upande gani. Endelea mpaka utokee upande wa pili.

Ukanda huo mmoja wa miraba una thamani kuliko duara zima. Rangi za Afrika Mashariki tunazoziona kila siku, yaani udongo wa barabarani, makuti yaliyozeeka, kuta za chokaa, magome, mbao za madau, zote zimo katikati ya ukanda, hazimo kwenye kingo zake. Mtu anayepaka kwa rangi za kopo peke yake hawezi kuzifikia.

Zaidi ya hayo, ngozi zetu zimo humo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo wachoraji wengi huangukia kahawia moja ya kopo na nyeusi ya vivuli, na sura inatoka imekufa. Changanya njano na majenta upate chungwa ya joto. Itie sianu kidogo kidogo mpaka ipate kahawia. Ikiwa kahawia inaelekea kijani, ongeza majenta, na ikiwa imekuwa nyekundu mno, ongeza sianu na njano kidogo. Sasa una msingi wa ngozi. Kwa kivuli chini ya kidevu, usitie nyeusi, tia zambarau nzito. Kisha tazama mtu halisi aliyekaa nje. Paji la uso lililoelekea anga tupu lina mng'ao unaoelekea bluu, kwa sababu kinachomulika pale ni anga. Mtu huyohuyo akikaa chini ya mwembe, mng'ao unachukua ukijani. Shavu lililo karibu na kanga nyekundu linaazima wekundu wa kanga. Ukiyaona haya matatu kwenye uso mmoja na kuyapaka, picha itapumua.

Hatua ya 5: Pima mwanga na uzito

Kila rangi ina mambo matatu: jina lake, ukali wake, na uzito wake, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, alizipanga rangi kwa vipimo hivi vitatu katika mfumo alioutoa mwaka 1905, na mpaka leo wanaopima rangi za udongo wa mashambani hutumia kadi zake. Kati ya hayo matatu, uzito ndio unaobeba kazi. Mtu anaweza kukosea jina la rangi na picha ikasimama. Akikosea uzito, haisimami.

Tengeneza ngazi. Kata miraba 9 kwenye ukanda mmoja wa manila. Wa kwanza uache mweupe, wa mwisho upake mweusi, na katikati uweke vijivu vinavyopanda kwa hatua zinazolingana. Hatua zinazolingana kwa jicho, si kwa vipimo vya kijiko. Nyeusi ina nguvu kuliko nyeupe, kwa hiyo kijivu cha katikati kitahitaji nyeusi kidogo sana kuliko unavyotarajia. Karibu kila mtu hurudia ngazi hii, maana vijivu vizito huja vikiwa vimebanana mwishoni. Irudie mpaka ukifinya macho uone inapanda bila kuruka.

Sasa ichukue ngazi na uisogeze kwenye duara lako. Njano safi itakaa karibu na mraba wa 2. Chungwa karibu na wa 4. Nyekundu na kijani zitakaribiana karibu na 5 au 6. Bluu nzito na zambarau zitashuka hadi 7 na 8. Hapo utagundua kwa nini nyekundu na kijani zikiwekwa pamoja huonekana zinatetemeka mpakani: majina yao yanapingana kabisa, lakini uzito wao ni mmoja, na jicho halijui mpaka uko wapi.

Simu inasaidia sana katika hatua hii. Piga picha kazi yako, kisha iondoe rangi iwe nyeusi na nyeupe. Ua lililochanua kwenye batiki likitoweka kabisa kwenye picha hiyo, basi hata machoni pa mteja aliye mbali linatoweka.

Kwa mfano wa uzito uliopangwa vizuri, tandika kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na maharusi. Rangi tatu tu. Nyeupe iko juu kabisa ya ngazi, nyeusi chini kabisa, nyekundu ikakaa kati. Iondoe rangi kwenye simu, pindo na mji bado vinasomeka kila kimoja mahali pake. Kisha chukua kitenge chenye rangi saba kali zenye uzito mmoja, ufanye vivyo hivyo. Utaona ukurasa wa kijivu.

Wachoraji wa Tingatinga nao wakufundishe jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa baiskeli, juu ya vibao vya bei nafuu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo umeendelea. Tazama jinsi mchoraji anavyoanza na usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, unaohama kutoka rangi nyepesi kwenda nzito, kisha analaza mnyama mwenye uzito ulio mbali na usuli. Chui wa njano juu ya anga inayoishia bluu nzito. Hahitaji vivuli. Uzito unafanya kazi yote.

Hatua ya 6: Badilisha jirani

Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Akaletewa malalamiko kwamba sufi nyeusi haina nguvu, imepauka. Aliichunguza, akailinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaona rangi yenyewe haina kasoro. Tatizo lilikuwa kwamba uzi mweusi ulifumwa kando ya bluu na zambarau, na rangi hizo ndizo zilizoufanya uonekane dhaifu. Akatumia miaka mingi kuchunguza, akachapisha kanuni zake mwaka 1839: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma mwenzake iende mbali nayo. Nyepesi huifanya nzito izidi kuwa nzito, na kila rangi humpaka jirani yake kivuli cha mpinzani wake.

Yeyote anayesuka, anayefuma au anayeshona shanga anatakiwa kulijua hili kuliko jambo lingine lolote la rangi, kwa sababu yeye hachanganyi kwenye kigae. Anachanganya kwa kuweka jirani.

Zoezi lake ni la vipande vya kitenge. Josef Albers, mwalimu Mjerumani aliyefundisha pia Marekani, aliwafundisha wanafunzi wake kwa karatasi za rangi badala ya brashi, na alikuwa sahihi: kipande kilichokatwa hakibadiliki, kwa hiyo kinachobadilika ni macho yako. Kata vipande viwili kutoka kitambaa kilekile cha kijani iliyopooza, ukubwa wa stempu. Kimoja kilaze katikati ya kitambaa cha njano, kingine katikati ya bluu nzito. Viweke ubavu kwa ubavu. Kile cha juu ya njano kitaonekana kizito na kimeegemea bluu. Kile cha juu ya bluu kitaonekana chepesi na kimeegemea njano. Endelea kutafuta mpaka upate usuli mbili zinazowafanya watu waape kwamba vipande ni vya vitambaa tofauti.

Kisha geuza zoezi. Chukua vipande viwili vinavyotofautiana kidogo, utafute usuli mbili zitakazovifanya vionekane sawa. Hili ni gumu, na ukiliweza umefika mbali.

Hatua ya 7: Ingiza kwenye kazi ya mikono

Kwa msusi wa ukili. Ukiziunganisha kindu nyembamba za nyekundu na kijani kwa zamu, karibu zinavutia, lakini mteja akisimama upande wa pili wa meza zinayeyuka pamoja kuwa kahawia isiyo na uhai. Ukitaka ukali ubaki, weka rangi pinzani kwa mistari mipana, au uzitenge kwa ukili wa kindu isiyotiwa rangi. Ile rangi ya asili ya kindu, krimu, ni rafiki wa karibu kila rangi kwa sababu ni nyepesi na imepooza. Kinyume chake, ukitaka rangi ambayo duka halina, tumia kuyeyuka huko kwa makusudi: njano na chungwa zikipishana kwa ukili mwembamba hutoa dhahabu yenye uhai kuliko unga wowote wa dhahabu.

Kwa mshona shanga. Angalia kwanza kama shanga inapitisha mwanga. Shanga za kioo zinazopitisha mwanga huchukua rangi ya uzi uliopita ndani yake. Uzi mweusi ndani ya shanga ya njano inayoonyesha ndani huigeuza kuwa chafu, na uzi mweupe huiwasha. Zisizopitisha mwanga hazijali uzi. Tazama pia ngozi itakayovaa. Nyeupe, njano na bluu nyepesi huruka juu ya ngozi nyeusi, wakati damu ya mzee na kahawia huzama. Kama unauza jioni, kumbuka kwamba giza likiingia nyekundu ndiyo ya kwanza kuwa nyeusi, huku bluu na kijani zikibaki zinaonekana. Macho yetu ndivyo yalivyo katika mwanga hafifu.

Kwa mpika batiki. Rangi ya batiki hupenya, haifuniki. Huwezi kuweka nyepesi juu ya nzito, kwa hiyo mpango wote lazima ukae kichwani kabla nta haijayeyuka. Tuseme unataka nyeupe, njano, kijani na bluu nzito inayokaribia nyeusi. Kitambaa cheupe kifunike nta pale penye nyeupe, tumbukiza kwenye njano. Funika njano unayotaka ibaki, tumbukiza kwenye bluu nyepesi, na pale palipokuwa na njano utapata kijani. Funika kijani, maliza na rangi nzito. Bluu safi haitapatikana kwa mpango huu, maana njano imeshaingia kila mahali. Anayeitaka aanze na bluu iliyofunikwa, au aipake kwa brashi kwenye sehemu yake peke yake. Kila batiki ichoreeni ngazi yake kwenye karatasi kwanza: rangi ya kwanza, ya pili juu yake, ya tatu juu ya hizo. Na kwa wanaotumia kostiki na haidrosi, zile kemikali za kutilia rangi, vaeni glavu na mfunike macho, fanyeni kazi penye hewa, na kostiki iingizwe kwenye maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa sababu hulipuka na kuunguza.

Hatua ya 8: Ukiwa mwalimu

Usianze na maelezo. Anza na vipande viwili vya kijani kutoka hatua ya 6, umevitayarisha nyumbani, uvipitishe mkono kwa mkono. Mara nyingi mama mmoja mzoefu wa kusuka ndiye anayesema kwanza.

"Mwalimu, hiki cha kulia kimepauka. Umekikata kwenye kitambaa kingine."

"Vitoe vyote viwili, mama, uviweke kiganjani."

Anavitoa, anaviweka, anavigeuza upande wa nyuma kutafuta tofauti, anamwonyesha jirani yake. Kuanzia hapo darasa linajiendesha. Kila mtu anataka kujaribu, na nadharia unayoisema baadaye inamkuta mtu ameshaiona.

Watu wazima waheshimiwe kwa wanachokijua. Aliyepika rangi za kindu miaka mingi anajua mambo ya kukauka na kuchuja ambayo wewe huyajui. Muulize, aeleze mbele ya wenzake, halafu unganisha maneno yake na duara. Ukimfanya ajione anaanza sifuri hatarudi.

Kikundi cha watu 8 hadi 12 kinatoshwa na kopo moja la kila rangi, mkigawana kwa vifuniko vya chupa. Usitoe makopo yote siku ya kwanza. Siku ya ngazi, toa nyeupe na nyeusi tu. Ukiweka majenta mezani hakuna atakayetazama kijivu.

Utakutana na mwanafunzi, mara nyingi mwanamume, anayechanganya nyekundu na kijani kwa sababu macho yake hayazitenganishi. Hali hii huzaliwa nayo mtu, na hupatikana zaidi kwa wanaume. Usimtaje mbele ya watu. Mkalishe kando, mwekee alama kwenye makopo kwa herufi, mfundishe ngazi ya uzito kwa bidii zaidi. Nimeona watu wa namna hii wakipanga uzito vizuri kuliko darasa zima, kwa sababu majina ya rangi hayawapotezi.

Kadi za mazoezi zitunzwe. Kila kadi iandikwe nyuma: rangi zipi, kipi kiliongezwa kwa kipi, tarehe. Kadi nyingine kata katikati, nusu moja iweke ndani ya daftari, nusu nyingine ibandike dirishani penye jua kwa miezi michache. Ukizikutanisha tena utajua ni rangi ipi unayoweza kumuuzia mtu wa kuiweka sebuleni penye mwanga na ipi haifai. Pinki na zambarau za bei rahisi ndizo zinazokimbia mapema zaidi.

Kwa watoto wa madarasa ya chini, ruka hatua ya 5 yote. Wape njano na sianu tu, kifuniko kimoja kimoja, uwaambie watafute kijani nyingi kadiri wawezavyo, kisha watoke nje kila mtu na kadi yake watafute jani la kila kijani waliyoipata.